Konseli wa heshima: ni nani, anafanya kazi gani, na lini umwendee au usimwendee

Makala hii ni kwa wakimbizi, waombaji hifadhi na wenyeji wanaoishi karibu na kambi na makazi ya wakimbizi nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Inaeleza kazi ya konseli wa heshima, mipaka ya madaraka yake, na mambo ya kuangalia kabla ya kumpelekea nyaraka zako au fedha zako.

Kwa kifupi:

- Konseli wa heshima ni mtu anayeiwakilisha nchi ya kigeni katika mji fulani, lakini si mtumishi wa kuajiriwa wa serikali ya nchi hiyo.
- Hana uwezo wa kukupa hadhi ya ukimbizi, wala kukuingiza katika orodha ya kuhamia nchi ya tatu.
- Kama wewe ni mkimbizi, kwenda kwa konseli wa nchi uliyoikimbia kunaweza kuathiri ulinzi wako. Uliza kwanza.
- Huduma zote za UNHCR ni bure. Yeyote anayekuomba fedha ili akuhamishie nchi ya tatu ni tapeli, hata akiwa na bendera ofisini.

Konseli wa heshima ni nani?

Nchi nyingi haziwezi kuweka ubalozi katika kila mji. Ubalozi ni gharama: majengo, mishahara, magari, walinzi. Kwa hiyo nchi huweka ubalozi mmoja katika mji mkuu, na katika miji mingine huteua mtu anayeishi hapo ili aiwakilishe. Mtu huyo ndiye konseli wa heshima. Wengine humwita balozi mdogo wa heshima, na wengine humwita balozi wa heshima. Usichanganywe na majina hayo: yeye si balozi kamili.

Mara nyingi ni mfanyabiashara, wakili, daktari, mwenye hoteli au mwenye kampuni ya meli au ya utalii. Anaendelea na shughuli zake, na ukonseli anaufanya pembeni. Anaweza kuwa raia wa nchi anayoiwakilisha, au raia wa nchi anamoishi. Kwa kawaida halipwi mshahara, ingawa baadhi ya nchi humpa posho ndogo au kumrudishia gharama za ofisi.

Ndiyo maana konseli wa heshima huonekana zaidi katika miji ya bandari, biashara na utalii, kama Mombasa, Zanzibar na Arusha, ambako wageni ni wengi na ubalozi uko mbali.

Sheria inasemaje?

Kazi hii inaongozwa na Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli. Mkataba huo ulipitishwa tarehe 24 Aprili 1963 na ukaanza kutumika mwaka 1967. Unataja aina mbili za makonseli: makonseli ambao ni watumishi wa serikali, na makonseli wa heshima. Sura yake ya tatu inahusu makonseli wa heshima. Kifungu cha 68 kinasema kila nchi ina hiari ya kuteua au kupokea makonseli wa heshima, kwa hiyo usishangae ukikuta nchi moja inao wengi na nyingine haina hata mmoja.

Ili konseli aanze kazi, mambo mawili lazima yafanyike. Kwanza, nchi inayomtuma humpa barua ya uteuzi inayotaja cheo chake na eneo lake. Pili, nchi anamofanyia kazi humpa kibali cha kumtambua. Bila kibali hicho si konseli, hata akiwa na mhuri na kibao. Nchi iliyompokea inaweza pia kumkataa wakati wowote, na hapo kazi yake hufikia mwisho.

Je, ana kinga?

Ana kinga kidogo tu. Hawezi kushtakiwa kwa jambo alilolifanya kama sehemu ya kazi yake rasmi ya ukonseli. Lakini katika biashara zake na maisha yake ya kawaida yuko chini ya sheria kama mtu mwingine yeyote. Akifunguliwa mashtaka ya jinai, lazima afike mbele ya mamlaka. Nyaraka za ukonseli zinalindwa, kwa sharti kwamba zitunzwe mbali na karatasi zake binafsi na za biashara yake.

Jambo hili ni muhimu kwako. Ofisi ya konseli wa heshima si mahali pa kukimbilia ukidhani polisi hawawezi kuingia, kwa sababu haina ulinzi kama wa ubalozi. Na mtu akikutapeli huku akisema "mimi nina kinga, huwezi kunishtaki," hiyo si kweli. Unaweza kumripoti polisi.

Kazi zake za kila siku

Konseli wa heshima hufanya kazi za namna mbili.

Namna ya kwanza ni kuwasaidia raia wa nchi anayoiwakilisha. Mtalii akiibiwa pasipoti, akilazwa hospitalini, akikamatwa au akifariki, konseli ndiye wa kwanza kufika. Huwasiliana na ubalozi, huwajulisha ndugu, na husaidia kupata hati za dharura. Baadhi ya makonseli wanaruhusiwa kuthibitisha nakala za vyeti, kushuhudia saini, au kupokea maombi ya viza na kuyapeleka ubalozini. Wengine hawaruhusiwi. Yote hutegemea barua ya uteuzi, kwa hiyo uliza kabla ya kusafiri kwenda ofisini kwake.

Namna ya pili ni kujenga uhusiano kati ya nchi mbili, na kazi hii hufanyika zaidi mijini na wilayani kuliko katika mji mkuu. Konseli anawafahamu wafanyabiashara wa hapo, mkuu wa bandari, wakuu wa shule na vyuo, viongozi wa halmashauri. Mnunuzi wa kahawa au korosho kutoka nje akitaka kujua wauzaji ni akina nani, konseli humwelekeza. Chuo cha nje kikitafuta chuo cha kushirikiana nacho, humuuliza yeye. Kikundi cha wanawake, hospitali au shule ikihitaji kujua kama ubalozi fulani una mfuko wa miradi midogo, yeye anaweza kueleza mahali pa kuandika na masharti ni yapi. Fedha si zake, na uamuzi hufanywa na ubalozi.

Historia yake katika pwani yetu

Konseli mfanyabiashara si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said wa Oman, aliyeitawala pia Zanzibar. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, alifika Zanzibar akiwa konseli wa Marekani. Hakuacha biashara. Alikuwa konseli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na meli za Salem zilileta vitambaa vya pamba na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Jina la kitambaa cha merikani, ambalo bado linajulikana hadi bara, lilitokana na biashara hiyo.

Kisa hicho kinaonyesha faida na hatari ya mpango huu tangu zamani. Mfanyabiashara anaifahamu nchi na watu wake kuliko mgeni aliyetumwa jana. Lakini mtu huyohuyo ana maslahi yake, na si rahisi kila mara kujua anazungumza kwa niaba ya nchi au kwa niaba ya duka lake.

Konseli aliyewaokoa wakimbizi

Kisa kingine kinawahusu wakimbizi moja kwa moja. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya Wayahudi waliokuwa wameikimbia Poland walikwama Lithuania. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umeikalia nchi hiyo, na balozi za kigeni zilikuwa zinaamriwa kufunga. Wakimbizi hao hawakuwa na nchi yoyote ya kuwapokea.

Katika mji wa Kaunas alikuwepo Mholanzi aitwaye Jan Zwartendijk. Kazi yake ilikuwa kuongoza biashara ya kampuni ya Philips nchini Lithuania. Mwezi Juni mwaka huo alikubali kuwa konseli wa heshima wa Uholanzi. Kwa makubaliano na balozi wa Uholanzi aliyekuwa Riga, alianza kuandika katika hati za wakimbizi kwamba kuingia Curaçao, kisiwa kilichokuwa chini ya Uholanzi huko Karibi, hakuhitaji viza. Maneno hayo yalikuwa kweli, ila aliyaacha yale yaliyokuwa yanafuata: kwamba aliyetaka kushuka kisiwani alihitaji ruhusa ya gavana.

Kwa siku chache tu aliandika hati zaidi ya 2,000. Konseli wa Japani katika mji huohuo, Chiune Sugihara, alitumia hati hizo kuwapa wakimbizi viza za kupitia Japani. Wengi walivuka Muungano wa Kisovieti kwa treni hadi Vladivostok, wakapanda meli hadi Japani, na baadhi yao wakaishia Shanghai. Karibu wote hawakuiona Curaçao, lakini walipona. Zwartendijk alirudi Uholanzi iliyokuwa chini ya Wajerumani na hakujitangaza. Alifariki mwaka 1976. Mwaka 1997 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtambua kuwa mmoja wa watu waadilifu waliowaokoa Wayahudi.

Tunakieleza kisa hiki kwa sababu mbili. Kinaonyesha kwamba mtu wa cheo kidogo anaweza kufanya jambo kubwa. Lakini pia kinaonyesha kwamba alifanya hivyo kabla ya kuwepo kwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Leo ipo njia ya kisheria ya kupata hifadhi na ya kupata hati ya kusafiria, na wewe unalindwa zaidi ukiifuata njia hiyo kuliko ukimtegemea mtu mmoja mwenye mhuri.

Je, mkimbizi anaweza kwenda kwa konseli?

Jibu linategemea ni konseli wa nchi gani.

1. Konseli wa nchi uliyoikimbia

Kuwa makini. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, inasema kwamba mtu anaweza kuacha kuwa mkimbizi akijirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake. Kuomba au kuhuisha pasipoti ya nchi hiyo kunaweza kuchukuliwa kuwa dalili ya jambo hilo.

Haina maana kwamba kila mawasiliano yanakufutia hadhi. UNHCR inaeleza kwamba mambo matatu huangaliwa: kama ulifanya kwa hiari yako, kama ulikusudia kurudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na kama kweli uliupata. Kuomba cheti cha kuzaliwa au cha ndoa, ambacho hata mtu asiye raia angelazimika kukiomba hukohuko, hakuhesabiwi kuwa umerudi chini ya ulinzi. Hata hivyo, usiamue peke yako. Pita kwanza ofisi ya ulinzi ya UNHCR au shirika la msaada wa kisheria, ueleze unahitaji nini na kwa nini.

Yako pia mambo ya usalama. Ukimwachia konseli jina lako, namba ya simu na mahali unapoishi, huwezi kujua taarifa hizo zitafika wapi. Fikiria pia ndugu zako waliobaki nyumbani.

Kwa walioko Kigoma: ofisi za ubalozi mdogo wa Burundi na wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilizopo mjini humo ni ofisi za serikali za nchi hizo, si za makonseli wa heshima. Tahadhari iliyotajwa hapa inahusu ofisi hizo pia.

2. Konseli wa nchi nyingine

Unaweza kumwendea kama mtu mwingine yeyote, kwa mfano kuuliza utaratibu wa viza ya masomo au ya kuungana na mume, mke au mtoto aliyeko nchi hiyo. Lakini uamuzi wa viza hufanywa na ubalozi au wizara ya nchi yake. Yeye hana kura katika jambo hilo.

Kumbuka pia sheria za kutoka kambini. Nchini Tanzania unahitaji kibali ili kutoka kambini, na Kenya wakaazi wa kambi huhitaji ruhusa ya kusafiri kutoka mamlaka ya wakimbizi. Uganda wakimbizi wana uhuru mkubwa zaidi wa kusafiri, lakini beba kitambulisho chako. Barua ya konseli haichukui nafasi ya kibali.

Ukihitaji nyaraka, nenda wapi?

Kifungu cha 25 cha Mkataba wa 1951 kinasema kwamba mkimbizi asiyeweza kuomba msaada kwa mamlaka za nchi yake asaidiwe na mamlaka za nchi iliyompokea. Kifungu cha 28 kinahusu hati ya kusafiria ya mkimbizi. Kwa hiyo, badala ya kumtafuta konseli:

- Hati ya kusafiria: uliza idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi. Kenya ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Uganda ni Ofisi ya Waziri Mkuu, Tanzania ni idara ya wakimbizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.
- Mtoto aliyezaliwa hapa: sajili kizazi kupitia zahanati au hospitali na msajili wa nchi uliyopo. Usimpeleke mtoto kwa konseli kwa ajili ya cheti.
- Ndugu waliopotea: nenda Msalaba Mwekundu. Huduma ya kutafuta ndugu ni bure.
- Kuhamia nchi ya tatu: UNHCR ndiyo inayochagua majina ya kupendekeza, na nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Konseli wa heshima hayumo katika hatua yoyote.
- Masomo ya chuo: ufadhili wa DAFI, unaolipiwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani tangu 1992, huombwa kupitia UNHCR na mashirika yake, si kwa konseli.

Ukikamatwa

Mkataba wa Vienna, kifungu cha 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuwasiliana na konseli wa nchi yake. Polisi hutakiwa kumjulisha konseli kama mwenyewe ameomba. Hii ni haki yako, si wajibu wako.

Kama wewe ni mkimbizi au mwombaji hifadhi, waambie polisi mapema: "Mimi ni mkimbizi. Sitaki ubalozi wa nchi yangu ujulishwe. Naomba UNHCR na wakili wajulishwe." Onyesha kitambulisho chako cha ukimbizi au barua ya uombaji hifadhi. Usitie saini karatasi usiyoielewa, omba mkalimani.

Kwa wenyeji: haki hiyohiyo ni yenu mkiwa nchi za nje. Kijana wenu akienda kufanya kazi nchi za Ghuba au kwingineko, aondoke akiwa ameandika namba ya ubalozi wa nchi yake huko, na kama upo, ya konseli wa heshima wa mji atakaoishi. Namba hiyo ibaki pia nyumbani.

Jinsi ya kumtambua konseli wa kweli

Mwezi Novemba 2022, muungano wa kimataifa wa waandishi wa uchunguzi, ICIJ, pamoja na ProPublica walichapisha uchunguzi kuhusu makonseli wa heshima duniani. Waligundua watu wasiopungua 500, walioko kazini na waliokwisha kuondoka, ambao walituhumiwa kwa uhalifu au kuhusishwa na kashfa. Wengi wa makonseli hawamo katika orodha hiyo na hufanya kazi yao kwa uaminifu. Lakini uchunguzi huo unatufundisha kwamba cheo peke yake hakitoshi kumwamini mtu.

Kabla ya kutoa nyaraka au fedha:

- Wizara ya mambo ya nje ya nchi uliyopo huwa na orodha ya makonseli inaowatambua. Uliza huko, au omba shirika la msaada wa kisheria likuulizie.
- Angalia tovuti ya ubalozi wa nchi anayodai kuiwakilisha. Konseli wa kweli hutajwa huko.
- Uliza: "Umeruhusiwa kutoa huduma hii?" na "Ada rasmi ni kiasi gani?"
- Baadhi ya huduma za kikonseli zina ada halali. Ada halali ina kiwango kilichotangazwa na stakabadhi yenye jina la ofisi. Fedha inayotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi si ada.
- Usiache kitambulisho chako cha ukimbizi kwa mtu yeyote. Mpe nakala.

Jihadhari hasa na dalali anayekuja kambini akisema ametumwa na konseli kukusanya majina ya kwenda Kanada, Australia au Marekani. Hakuna konseli anayefanya kazi hiyo. Andika jina alilolitaja, namba ya simu aliyoitumia na tarehe, kisha toa taarifa kwa UNHCR, polisi au kiongozi wa kambi. Ikiwa umekwisha kulipa, usione haya kuripoti. Aliyekutapeli ndiye mwenye kosa, na kimya chako kinampa nafasi ya kwenda nyumba ya jirani.

Mnachoweza kufanya pamoja

Konseli wa heshima hupokea mialiko kama mtu mwingine wa mji. Kama mna ushirika wa wakulima, kikundi cha ususi, timu ya michezo au shule inayosomesha watoto wa wenyeji na wa wakimbizi pamoja, mnaweza kumwandikia. Barua iwe fupi: ninyi ni akina nani, mnafanya nini, mnahitaji nini hasa. Ipitie kwa ofisi ya kijiji au kata, na kwa uongozi wa kambi, ili ijulikane ni barua ya halali. Msiombe viza; ombeni soko, mafunzo, vitabu, au anwani ya anayetoa ruzuku. Hayo ndiyo mambo ambayo konseli anaweza kweli kuyafuatilia, na akishindwa, mtakuwa hamkupoteza zaidi ya karatasi na stempu.